Nani Anaisemea Picha? Filamu Fupi na Somo la Sosholojia Mjini Kigali

Mwaka 1962 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilichapisha ripoti ya Mbelgiji mmoja, Luc de Heusch, kuhusu sinema na sayansi za jamii. Ripoti hiyo ilizipitia filamu za kiethnografia na za kisosholojia zilizokuwapo wakati ule, na swali lililoibeba ni swali ambalo kila mwalimu hujiuliza: picha inayotembea inaweza kutufundisha nini kuhusu jamii ambacho kitabu hakiwezi? Mwandishi hakuwa akizungumza hewani. Miaka michache kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1950, alikuwa ameifikisha kamera yake mwenyewe Rwanda na kutengeneza filamu ambayo jina lake la Kifaransa tunaweza kulitafsiri hivi: Ruanda, Picha za Ukabaila wa Wafugaji.

Jina hilo peke yake ni mhadhara mzima. Neno ukabaila lilikuwa limeshapewa uzito wa kitaaluma na Jacques Maquet, aliyekiongoza kituo cha utafiti cha Wabelgiji kilichokuwa Astrida, mji tunaouita Huye leo. Mwaka 1954 Maquet alitoa utafiti wake maarufu kuhusu mahusiano ya kijamii katika Rwanda ya kale, na humo akaieleza jamii nzima kama jengo lililosimama juu ya msingi wa kutokuwa sawa. Wakosoaji waliokuja baadaye walionyesha tatizo lililo wazi kwa mwanafunzi yeyote wa mbinu za utafiti: wahojiwa wake walikuwa hasa Watutsi, na hivyo jamii ilielezwa kutoka juu kwenda chini. Filamu ya de Heusch ilizaliwa katika hewa hiyo hiyo.

Makala haya yanaanzia hapo kwa makusudi. Tunaposikia kwamba mhadhiri wa sosholojia mjini Kigali ameweka filamu ya dakika ishirini mbele ya wanafunzi wake badala ya kuwasomea maelezo, wengi wetu hudhani ni jambo jipya lililokuja na projekta na kompyuta za mkononi. Si jipya. Rwanda ilikuwa somo la filamu miongo mingi kabla Wanyarwanda hawajawa na filamu zao wenyewe. Jambo lililobadilika, na ambalo ndilo kiini cha historia hii, ni sauti: nani anaisemea picha wakati picha yenyewe inapita.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili, sura ya kwanza ya jambo hili iko katika lugha yetu. Mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulianzishwa mradi wa majaribio wa sinema za kuwaelimisha Waafrika. Uliendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, na wasimamizi wake wakuu walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Mpaka ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35 fupi fupi: benki ya akiba ya posta, safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, kilimo cha chai. Sauti haikuwa kwenye mkanda wa filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake, na santuri hiyo ikachezwa sambamba na picha. Lori lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likibeba mashine, pazia na santuri.

Hebu tuutazame mpango huo kwa jicho la sosholojia. Picha ni moja, sauti zinabadilishwa kama mashati. Mtu yule yule anayetembea kwenye pazia ataelezwa kwa Kiswahili hapa na kwa Kinyanja kule, naye mwenyewe hasemi neno. Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1939, kiliendelea na utaratibu huo kwa namna nyingine: msimulizi mwenyeji alishika kipaza sauti kando ya pazia na kueleza yanayoonekana. William Sellers, aliyekuwa nguzo ya kitengo hicho, aliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, hivyo filamu ziwe za polepole, kamera isimame mahali pamoja, jambo moja lionyeshwe kwa wakati mmoja. Hiyo nayo ni nadharia ya jamii, ingawa haikuandikwa kama nadharia. Ukitaka kujua mtawala aliwafikiriaje watawaliwa, usiangalie tu alichowaonyesha. Angalia kasi aliyowaonyeshea.

Upande wa Wabelgiji mambo hayakuwa mbali na hayo. Huko Luluabourg, Kongo, padri Albert Van Haelst alitengeneza katika miaka ya 1950 mfululizo wa vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, na watu walicheka kweli kweli. Chini ya kicheko kulikuwa na fundisho la adabu: Mwafrika wa mjini avae vipi, afanye kazi vipi, ajiepushe na nini. Sinema hizo zinafaa sana katika mhadhara wa ujamiishaji, yaani jinsi mtu anavyofundwa kuwa mwanajamii, kwa sababu mwanafunzi hucheka kwanza kisha ndipo ajiulize alikuwa akimcheka nani.

Lakini ripoti ile ya 1962 ilitoka wakati mambo yameanza kugeuka. Katika kiangazi cha mwaka 1960 Jean Rouch, aliyepiga filamu nyingi Niger na Ghana, aliungana na mwanasosholojia Edgar Morin wakaigeuzia kamera Paris yenyewe. Filamu yao ilitoka mwaka 1961. Mambo mawili ndani yake yanatuhusu. La kwanza ni kwamba mwishoni wahusika wanaonyeshwa picha zao wenyewe, kisha wanabishana: huyu anasema ule ni ukweli, yule anasema mwenzake alikuwa akiigiza. Msimulizi mwenye sauti ya mwisho hayupo. La pili ni tukio dogo ambapo vijana wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Ufaransa wanaulizwa kuhusu namba iliyochanjwa kwenye mkono wa Marceline Loridan, mmoja wa wahusika. Hawajui. Ni namba ya kambi ya mauaji ya Auschwitz. Tukio hilo ni la dakika chache tu, na sijui kipande kingine cha filamu kinachofaa zaidi kuonyeshwa katika darasa la Kigali, ambako leo waliokaa kwenye madawati wote walizaliwa baada ya mwaka 1994 na wamezungukwa na watu wazima wenye alama ambazo si rahisi kuzisoma.

Na hapo ndipo historia hii inapokuwa nzito.

Mwezi Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokuwa yameanza mjini Kigali, mpigapicha wa Kiingereza Nick Hughes alipanda juu ya jengo la shule ya Kifaransa na kurekodi kwa mbali watu wakiuawa barabarani. Siku zile karibu hakuna kamera nyingine iliyonasa mauaji yenyewe yakitendeka. Dunia nzima imekiona kipande hicho kwenye taarifa za habari, aghalabu kwa sekunde kadhaa, kikisemewa na mtangazaji. Kwa urefu, ni filamu fupi kuliko zote nitakazozitaja humu. Je, mhadhiri akionyeshe?

Wako wanaosema ndiyo, kwa hoja kwamba sosholojia isiyotazama ukatili ni sosholojia ya kufumba macho. Mimi niko upande wa pili, angalau kwa darasa la mwaka wa kwanza. Sababu yangu si unyonge wa moyo. Darasani Kigali hukaa bega kwa bega mtoto wa aliyenusurika na mtoto wa aliyefungwa, na mwalimu hajui nani ni nani, wala hana haki ya kuuliza. Kipande kile kinawageuza wote kuwa watazamaji wa kifo cha watu ambao, katika mji huu, wanaweza kuwa jamaa za mtu aliyekaa safu ya tatu. Tena hakielezi. Kinaonyesha mkono unaoinuka na kushuka, lakini hakionyeshi mkutano wa kitongoji, kadi ya kitambulisho yenye kabila ambayo Wabelgiji waliianzisha katika miaka ya 1930, redio, orodha ya majina, wala jirani aliyefunga mlango na jirani aliyeufungua. Vyote hivyo ndivyo sosholojia. Hughes mwenyewe aliona haja ya kusema zaidi: mwaka 2001 alitoa filamu ndefu ya kuigiza, 100 Days, iliyotayarishwa kwa ushirikiano na Eric Kabera, Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo. Hiyo ilikuwa filamu ya kwanza ndefu ya kuigiza kuhusu mauaji yale.

De Heusch naye alirudi. Mwaka 1996, zaidi ya miaka arobaini tangu azamie utafiti katika eneo hili la Afrika, alitoa filamu ya kumbukumbu aliyoiita kwa Kifaransa jamhuri iliyopatwa na wazimu, akiifuata historia ya Rwanda tangu 1894 hadi 1994. Mwalimu anayeweza kupata filamu zake zote mbili, ile ya ukabaila na hii, ana muhula mzima mkononi. Vipande vya dakika kumi kumi kutoka kila moja, vikionyeshwa siku moja, vitazua swali ambalo kitabu huchukua sura nzima kulifikia: picha za majukwaa, ng'ombe wenye pembe ndefu na wacheza ngoma wa kifalme zilipowaambia watazamaji kwamba hii ndiyo Rwanda, ziliwafanya waamini nini kuhusu nani aliumbwa kutawala na nani kutumikia?

Kabera hakuishia kwenye 100 Days. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alianzisha Kigali kituo cha sinema cha Rwanda, kwa ajili ya kuwafunza vijana kupiga, kuhariri na kuandika filamu. Mwaka 2005 likaanza Tamasha la Filamu la Rwanda, ambalo watu walilibatiza Hillywood, kwa kuwa nchi ni ya milima elfu. Sinema zilipelekwa vijijini, pazia la kujazwa upepo likasimamishwa uwanjani, na watu wakatazama filamu kwa Kinyarwanda, wengi kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo filamu ya Raoul Peck, Sometimes in April, iliyopigwa Rwanda kwenyewe, ilionyeshwa katika uwanja wa Amahoro. Tofauti kati ya filamu kubwa za wageni na filamu fupi za wanafunzi wa Kabera inafaa kuelezwa bila kupepesa. Filamu za wageni zilipaswa kuieleza Rwanda kwa mtu asiyeijua, kwa hiyo daima kuna mhusika anayeeleza, aghalabu mzungu au mwandishi wa habari. Filamu fupi za vijana hazikuwa na mzigo huo. Mtazamaji wao wa kwanza alikuwa jirani.

Mfano ni A Love Letter to My Country ya Thierry Dushimirimana, ya mwaka 2006, kuhusu mapenzi kati ya vijana wawili ambao familia zao zinasimama pande mbili za yaliyotokea. Mwingine ni Lyiza ya Marie-Clémentine Dusabejambo, iliyotoka mwaka 2011. Binti aliyeona wazazi wake wakiuawa anamtambua baba wa mwanafunzi mwenzake kuwa ni miongoni mwa waliohusika, na mwalimu wao ndiye anayelazimika kulibeba jambo hilo. Sidhani kuna mwanafunzi wa ualimu au wa sosholojia nchini Rwanda anayeweza kuitazama bila kujiuliza angefanya nini. Nakiri kwamba baadhi ya filamu za kipindi hicho zina haraka ya kufika kwenye msamaha. Dakika ya kumi na nane watu wanakumbatiana. Hata hilo ni data. Kwa nini msamaha ulipaswa kufika kabla ya majina ya watengenezaji kupanda kwenye pazia? Nani alifadhili, nani alitarajiwa kutazama, na mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilikuwa zikisema nini wakati huo huo? Kwa swali hilo la mwisho zipo filamu za Anne Aghion, aliyefuatilia gacaca kwenye kilima kimoja kwa miaka mingi. Ya kwanza ilitoka mwaka 2002.

Kizazi kilichofuata kilipunguza maneno. Dusabejambo huyo huyo, katika A Place for Myself ya mwaka 2016, anamfuata mtoto wa kike mwenye ualbino, wa miaka mitano, anayetengwa shuleni, na mama yake anayekataa hali hiyo. Mwaka 2018 akatoa Icyasha, kuhusu mvulana wa miaka kumi na miwili anayetaka kucheza mpira na wenzake wa mtaani lakini wanamcheka kwa kuwa ana mwendo wa kike. Neno icyasha kwa Kinyarwanda ni doa. Kumsiga mtu icyasha ni kumpaka matope. Mwanafunzi aliyekuwa akihangaika na Erving Goffman na kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu unyanyapaa, ambacho hulianza neno lenyewe kutoka katika alama waliyochomwa watu wa kale wa Ugiriki mwilini, hapa anakuta dhana ile ile imeshakaa katika lugha ya nyumbani, na ina miguu inayokimbia nyuma ya mpira. Hakuna anayetamka jina la Goffman katika filamu hiyo, ashukuriwe Mungu.

Samuel Ishimwe naye alitengeneza Imfura, iliyopata Dubu wa Fedha wa majaji kwa filamu fupi katika tamasha la Berlin mwaka 2018. Kijana anarudi kwenye kijiji cha mama yake, aliyetoweka wakati wa mauaji ya kimbari, na kukuta ndugu wakigombania gofu la nyumba ya familia. Hilo tu. Lakini weka kando yake Maurice Halbwachs, Mfaransa aliyefundisha kwamba hatukumbuki peke yetu bali tunakumbuka ndani ya vikundi, na ambaye mwenyewe alifia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945. Gofu linakuwa mjadala. Nani ana haki ya kulibomoa? Nani ana haki ya kulikumbuka kama nyumba, na nani kama kiwanja? Kijana ambaye hakuwahi kumjua mama yake anakumbuka nini hasa? Mwaka 2019 filamu nyingine fupi, I Got My Things and Left ya Philbert Aimé Mbabazi Sharangabo, kuhusu marafiki wanaokesha kwa ajili ya mwenzao aliyekufa, ilichukua tuzo kuu huko Oberhausen, Ujerumani. Mkesha wa msiba tunaujua sote Afrika Mashariki, na kila mmoja wetu ana la kusema kuhusu nani hukaa wapi na nani hupika.

Naomba nirudi kwenye suala la sauti, kwa sababu Kigali ina chuo kingine cha filamu ambacho hakina cheti. Katika mabanda ya video ya mitaani, na sasa kwenye simu, watu wa Kigali wamezoea kutazama filamu za Hollywood, za Kihindi na za Kichina zikisimuliwa kwa Kinyarwanda na mtu mmoja anayejaza sauti zote, akaongeza utani wake, akawapa wahusika majina ya mtaani. Filamu kama hiyo huitwa agasobanuye, kutokana na kitenzi gusobanura, kueleza. Kwa Kiswahili tungesema "kale kalikoelezwa". Waganda wana wasimulizi wao, na Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kanda zake zilisikika hadi kwenye vibanda umiza vya mbali. Watu wa tabaka fulani huwabeza wasimulizi hawa. Mimi nawaona kama kisasi kilichochelewa cha yule msimulizi wa enzi za Sellers: zamani alipewa maneno ya kusema juu ya picha ya nyumbani kwake, leo anachukua picha ya mwenye nguvu na kuisemea atakavyo. Mwanafunzi wa sosholojia akipewa kazi ya kulinganisha dakika tano za filamu ya kivita pamoja na agasobanuye yake, atajifunza juu ya hadhira na utandawazi kuliko katika kurasa nyingi za maelezo.

Kwa hiyo mhadhiri anapozima taa, yeye ndiye msimulizi wa tatu katika ukoo huu, na hatari yake ni ile ile. Filamu fupi ina faida moja ya wazi isiyo na falsafa yoyote: mhadhara ni wa saa mbili. Filamu ndefu huumeza wote, wanafunzi wanatoka, na mjadala unaahirishwa hadi wiki ijayo, wakati nusu wameshasahau. Filamu ya dakika ishirini inaonyeshwa mara mbili. Mara ya kwanza watu watazame kimya, mara ya pili waandike wanachokiona na si wanachokifikiri: nani amekaa, nani amesimama, nani anaingia bila kubisha hodi, nani anaitwa kwa jina na nani kwa cheo. Wale waliosoma ushairi kwetu wataitambua mbinu hii. Ni usomaji wa karibu tu, uliohamishiwa kwenye picha. Mwalimu akianza kueleza kabla ya hapo, ameshaweka santuri.

Lipo pingamizi ambalo sitalipita kimya. Baada ya 1994 kabila liliondolewa katika vitambulisho, na sheria za nchi zinaadhibu itikadi ya mauaji ya kimbari. Ya kwanza mahsusi ilikuwa ya mwaka 2008, ikafanyiwa marekebisho, na mpya ikapitishwa mwaka 2018. Nia yake inaeleweka kwa yeyote aliyesoma historia ya redio ya chuki. Hata hivyo matokeo yake darasani ni kwamba wanafunzi hupima maneno, na mara nyingi huchagua kunyamaza. Filamu fupi huwapa mahali pa kusimama. Anayezungumza juu ya mjomba wa katika Imfura hazungumzi juu ya mjomba wake. Wapo wanaoona kuwa huko ni kukwepa. Kwangu mimi ni adabu, na ni njia ambayo hadithi za fasihi simulizi zimetumia tangu kale, pale sungura alipobeba lawama ambazo hakuna aliyethubutu kumtwisha mfalme.

Mjini Kigali pia kipo kituo cha Iriba, kilichoanzishwa na Assumpta Mugiraneza pamoja na Anne Aghion niliyemtaja. Iriba ni kisima au chemchemi, na kazi yake ni kukusanya filamu, picha na sauti zilizorekodiwa Rwanda kwa zaidi ya karne moja, ambazo nyingi zilikuwa zimelala Ulaya, na kuwafungulia Wanyarwanda bila malipo. Umuhimu wake kwa somo letu ni mkubwa kuliko vifaa vyovyote. Mtu anayetazama picha ya kilima chake iliyopigwa katika miaka ya 1950 hahitaji kuelezwa na santuri. Anaweza kusema: hapa palikuwa na mti huu, na huyu mnayemwita mtumishi alikuwa na jina. Rouch na Morin walifanya hivyo Paris kwa watu waliopigwa picha miezi michache iliyopita. Kigali inapaswa kufanya hivyo kwa watu ambao wengi wamekufa, na wajukuu zao ndio wanafunzi.

Na Kiswahili? Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo kilikuwa lugha ya soko, ya kambi, na ya mtaa wa Biryogo huko Nyamirambo, ambako Waislamu na wafanyabiashara walikusanywa enzi za Wabelgiji. Jina Mswahili lenyewe lilikuwa na harufu ya ulaghai masikioni mwa wengi, hadi miaka ya karibuni. Filamu Kinyarwanda ya Alrick Brown, ya mwaka 2011, iliyosukwa kwa visa vifupi vinavyokutana, inagusa jamii hiyo na misikiti iliyowahifadhi watu mwaka 1994. Kisa kimoja kimoja kinaweza kuonyeshwa peke yake.

Karibu filamu zote fupi nilizozitaja zina tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa chini ya picha. Mwanafunzi wa Tanzania, Kenya au Bukavu aliyeko Kigali huzitazama kupitia Ulaya. Idara za Kiswahili zinaweza kuziba pengo hilo bila bajeti kubwa, kwa ruhusa ya wenye filamu, kwa kuwapa wanafunzi wa tafsiri kazi ya kuandika maandishi ya Kiswahili, wakikaa pamoja na wenzao wa sosholojia. Kazi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Chukua imfura. Ni mtoto wa kwanza, naye pia ni mtu wa heshima, mwenye malezi, aliyetoka katika nyumba njema. Kiswahili kina kifungua mimba, na kina muungwana, lakini hakina neno moja la kuyabeba yote mawili, na neno muungwana lina historia yake ya pwani, ya nani alikuwa huru na nani mtumwa. Nafasi chini ya picha ni mstari mmoja au miwili, na mtazamaji ana sekunde tatu au nne za kuusoma kabla kijana hajafika kwenye gofu.